Nilimwokota mbwa nikamtunza, sasa amejitokeza mtu anayedai ni wake. Mbwa ni wa nani?

*"Miezi mitatu iliyopita nilimkuta mbwa jike kando ya barabara, amekonda mbavu zinahesabika, masikio yamejaa kupe, shingoni hana mkanda. Niliuliza majirani siku mbili tatu, hakuna aliyemjua. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, akampitishia kile kifaa cha kusomea chipu ya utambulisho, hakikulia. Nikamtibu, nikamchanja, nikamwekea chipu kwa jina langu. Risiti zote ninazo. Wiki iliyopita bwana mmoja alituona njiani akasema huyo ni mbwa wake, kwamba alipotea yeye akiwa safarini, akiwa amemwachia mdogo wake. Ana picha kwenye simu. Nilimkatalia, na sasa ananiita mwizi na kusema anakwenda polisi. Mimi naona mtu aliyemwacha mbwa afikie hali ile hastahili kurudishiwa. Watoto wangu wamemzoea mno. Jirani ameshauri tusimame pande mbili tumwite, atakayefuatwa ndiye mwenyewe. Mbwa huyu kisheria ni wa nani, na nifanye nini?"*

Pole kwa msukosuko huu. Umemwokoa mnyama aliyekuwa hatarini, umegharamika, nyumba nzima imempenda, halafu leo unaitwa mwizi mbele ya watu. Hasira yako inaeleweka. Ila ndani ya swali lako mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na usipoyatenganisha utajiumiza: mbwa ni wa nani, na nani anafaa zaidi kumtunza. Sheria za nchi nyingi hujibu la kwanza, na mara nyingi la pili hazilifikii kabisa. Bwana huyo akithibitisha madai yake, kuna uwezekano mkubwa kwamba mbwa bado ni wake, na miezi mitatu ya matunzo yako haijaufuta umiliki huo. Asipothibitisha, hulazimiki kumkabidhi mnyama kwa sababu tu amesema "ni wangu". Kwa hiyo kazi iliyo mbele yako sasa ni uthibitisho, si mabishano.

Tuanze na sheria, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotoka. Mbwa huhesabiwa kuwa mali, au huendeshwa kwa kanuni za mali hata pale sheria inapomtambua kama kiumbe chenye hisia. Na mali haikomi kuwa ya mtu kwa sababu imepotea. Kuna mbwa aliyepotea, na kuna mbwa aliyetelekezwa. Aliyepotea bado ana mwenyewe, hata kama mwenyewe hajui alipo. Aliyetelekezwa ni yule ambaye mwenyewe aliamua kwa hiari kuachana naye, na uamuzi huo hauwezi kukisiwa kutokana na mbavu zilizochomoza. Anayedai mbwa alitelekezwa ndiye anayetakiwa kuonyesha dalili za uamuzi huo: alifungwa getini kwa mtu akaachwa, walihama nyumba wakamwacha, au mwenyewe alisikika akisema hamtaki tena. Wewe ulimkuta barabarani peke yake. Hali hiyo inalingana na mbwa aliyepotea kama inavyolingana na aliyetupwa.

Mwokotaji naye ana haki yake. Katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, kanuni inayotumika hadi leo ilitokana na kesi ya Armory dhidi ya Delamirie iliyoamuliwa London mwaka 1722. Kijana msafisha mabomba ya moshi aliokota kito, akakipeleka kwa sonara, na sonara akakataa kukirudisha. Mahakama ilisema mwokotaji ana haki juu ya alichookota dhidi ya kila mtu isipokuwa mwenye mali halisi. Kwako kanuni hiyo ina pande mbili. Mpita njia yeyote hawezi kuja kukunyang'anya mbwa kwa maneno matupu. Lakini mwenye mbwa wa kweli akisimama mbele yako na ushahidi wake, haki yako inapungua nguvu papo hapo.

Nchi nyingi zimeweka muda maalumu wa kungoja, na muda huo hutofautiana sana. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 inaitaka mamlaka ya eneo imshikilie mbwa mzururaji siku 7 kabla ya kumkabidhi kwa mtu mwingine, na mwokotaji anayetaka kukaa naye mwenyewe lazima aripoti na amtunze kwa muda usiopungua siku 28. Ujerumani, mwokotaji hupata umiliki miezi 6 baada ya kuripoti, ikiwa mwenyewe hajajulikana. Tazama neno linalojirudia: kuripoti. Penye utaratibu wa namna hii, siku haianzi kuhesabiwa pale ulipomtia mbwa ndani ya gari, bali pale mamlaka husika ilipopata taarifa yako. Kuuliza majirani ni jambo jema na linaonyesha nia njema, ila si taarifa rasmi. Hapo ndipo ulipo udhaifu wa upande wako, na ni afadhali uujue sasa kuliko kuambiwa na wakili wa mtu mwingine.

Udhaifu huo unaweza kuupunguza leo hii. Nenda polisi, halmashauri, au ofisi yoyote inayoshughulikia wanyama waliopotea pale ulipo, toa taarifa yenye tarehe halisi ya kumwokota, mahali, hali aliyokuwa nayo, na useme wazi kwamba tayari kuna mtu anayemdai. Usirudishe tarehe nyuma wala kuificha ile miezi mitatu. Omba namba ya taarifa au nakala iliyogongwa muhuri.

Kuhusu kuitwa mwizi: kwa kawaida mwokotaji huwa mwizi anapoamua kukaa na mali ilhali anamjua mwenyewe, au angeweza kumpata kwa juhudi za kawaida lakini hakutaka. Mpaka wiki iliyopita, mtu aliyeuliza majirani, akampeleka mbwa kwa daktari na kuomba asomwe chipu alikuwa mbali na picha hiyo. Ila tangu bwana huyo ajitokeze, kila utakalofanya litapimwa kwa jicho jipya. Kumhamishia mbwa kwa shangazi, kumgawa, kumnyoa manyoya, kumsafirisha, kuzima simu: mambo haya ndiyo yanayogeuza mgogoro wa kawaida kuwa kesi ya jinai. Mbwa na abaki hapo hapo alipo, na bwana huyo aarifiwe kwa maandishi kwamba yuko salama na hatahamishwa mpaka suala liishe. Ujumbe mfupi wa simu unatosha. Utunze.

Sasa chipu, maana nadhani unaitegemea kupita kiasi. Chipu ni kidude chenye ukubwa wa punje ya mchele, urefu wa milimita 12 hivi, kinachodungwa chini ya ngozi kati ya mabega. Hakina betri, wala hakionyeshi mbwa yuko wapi. Kisomaji kinapokaribia hutoa mawimbi ya redio, chipu huamka kwa nguvu ya mawimbi hayo na kurudisha namba, basi. Namba ya kiwango cha kimataifa ina tarakimu 15 na chipu yake hufanya kazi kwenye masafa ya kilohezi 134.2. Chipu za zamani hutumia kilohezi 125 au 128, na namba zake ni fupi zaidi. Kisomaji cha masafa mamoja kikipitishwa juu ya chipu ya masafa mengine kitanyamaza kabisa, na aliyekishika atasema kwa nia njema, "hana chipu".

Kuna sababu nyingine za kunyamaza. Chipu huhama. Inaweza kuteremka begani, kwenye mguu wa mbele, au ubavuni. Kisomaji kikipitishwa haraka kati ya mabega tu, hakitaikuta. Mnyororo wa chuma, meza ya chuma na kompyuta iliyo karibu nayo huvuruga mawimbi. Kwa hiyo mrudishe mbwa kwa daktari, ikiwezekana kliniki nyingine yenye kisomaji cha masafa yote, na uombe asomwe upya: avuliwe mkanda, kisomaji kigusane na manyoya, kipite polepole kwa mistari ya kwenda na kurudi kuanzia kichwani hadi kiunoni, kisha ubavu wote wa kulia, wa kushoto, kifua na miguu ya mbele hadi viwiko, halafu kurudiwa tena kikiwa kimegeuzwa upande. Namba yako ikishasomeka, kazi isikomee hapo, kwa kuwa mbwa anaweza kuwa na chipu mbili na kisomaji kikadaka moja tu. Mwombe daktari aandike matokeo kwa tarehe na saini, yawe mazuri kwako au mabaya.

Ikipatikana chipu iliyotangulia ya kwako, na namba yake ni ya tarakimu 15, tarakimu 3 za mwanzo huonyesha nchi au kiwanda, na hapo ndipo pa kuanzia kutafuta ni kanzidata ipi, yaani hifadhi ipi ya kumbukumbu za usajili, inayoishikilia namba hiyo. Kanzidata ni nyingi na si zote zinazoongea zenyewe kwa zenyewe. Tena namba yenyewe si hati ya umiliki. Inasema nani alijiandikisha na lini. Huenda bado iko kwa jina la aliyemuuza mbwa, au haijawahi kuandikishwa kabisa. Kwa mantiki hiyo hiyo, chipu yako inathibitisha kitu kimoja: kwamba uliijaza fomu baada ya kumwokota. Haikukupa umiliki ambao hukuwa nao siku moja kabla.

Hoja yako kwamba mbwa alikuwa na hali mbaya, kwa hiyo mwenyewe hafai, naiheshimu kwa sababu inatokana na huruma. Lakini mwili wa mbwa aliyepotea hudanganya. Mbwa wa nyumbani hajui kujitafutia chakula. Akishatoka eneo analolijua hukimbia kwa hofu, hulala vichakani, hunywa maji machafu, na akiharisha juu ya njaa, wiki chache zinatosha kutoa mbavu nje. Kupe humwingia ndani ya siku chache za kupita nyasini. Mkanda hunasa kwenye ua ukachomoka, au mtu huuvua. Mambo hayo matatu uliyoyaona, wembamba, kupe na shingo tupu, hayatofautishi mbwa aliyetelekezwa na mbwa aliyependwa akapotea mwezi mmoja.

Ziko dalili zinazotofautisha, na nyingi zingeonekana siku ya kwanza tu. Nzuri kuliko zote ni kucha. Mbwa aliyezurura barabarani wiki kadhaa huwa na kucha fupi zilizosagika, na nyayo zilizochubuka au zilizoota sugu. Mbwa aliyefungiwa muda mrefu huwa na kucha ndefu, mara nyingine zimepinda kuelekea chini ya kidole. Kovu la mduara shingoni, penye manyoya yasiyoota, huonyesha kamba iliyobana kwa muda mrefu. Meno ya mbele na ya chonge yaliyolika kwa upande wa nyuma huashiria kutafuna nyaya au mnyororo kwa miezi mingi. Mfupa uliovunjika zamani ukaunga vibaya nao ni habari. Waombe kliniki nakala ya walichoandika siku ulipompeleka mara ya kwanza, pamoja na uzito wake, na picha ulizompiga siku hiyo uzihifadhi bila kuzikata wala kuzipaka rangi. Dalili za mateso zikiwepo, zipeleke kwa mamlaka ya ustawi wa wanyama au polisi, ili mwenye uwezo wa kisheria amzuie. Wewe binafsi huna mamlaka ya kumnyang'anya mtu mbwa wake kama adhabu, hata ukiwa na haki ya kumshuku.

Lile shauri la jirani, la kusimama pande mbili na kumwita, usilifanye. Watu wanalipenda kwa sababu linaonekana la haki na linakwisha kwa dakika moja. Mbwa hachagui mmiliki, anachagua kwa wakati ule: aliyemlisha asubuhi, sauti iliyo tulivu zaidi, mkono wenye harufu ya nyama, au mahali anapoona pa kukimbilia. Baada ya miezi mitatu kwako, huenda akakufuata wewe hata kama aliishi na yule bwana miaka mitano. Na akiwa mbwa mchangamfu anaweza kumrukia mtu asiyemjua kabisa. Isitoshe, unawaweka watu wawili wenye hasira pande mbili za mnyama mwenye hofu. Akiuma mtu, mmeongeza tatizo jipya. Jeraha la kuumwa na mbwa huoshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni dakika 15, aliyeumwa huenda hospitali siku hiyo hiyo kutathminiwa kuhusu kichaa cha mbwa, na mbwa huwekwa chini ya uangalizi siku 10, muda ambao hawezi kukabidhiwa kwa mtu.

Njia inayofaa ni kumpima mdai kwa maswali, kabla hajamwona mbwa tena. Mwombe aandike maelezo ya mbwa wake kwa mkono wake mwenyewe. Usimtumie picha wala usimuulize "ana baka jeupe kifuani?" kwa sababu swali la namna hiyo limebeba jibu. Muulize: ana alama gani mwilini? Mwenye mbwa wa kweli hutaja mambo ambayo hayaonekani kwenye picha ya njiani. Madoa meusi kwenye ulimi au ufizi. Jino lililong'oka. Kidole cha tano kwenye mguu wa nyuma. Kovu chini ya kitovu la kufungwa kizazi, au chuchu zilizolegea za mbwa aliyewahi kuzaa. Uvimbe mdogo wa mafuta ubavuni. Kabla ya kupokea maelezo yake, nawe na daktari wako orodhesheni alama zote mnazoziona, mtie tarehe na saini, kisha orodha mbili zilinganishwe mbele ya mtu wa tatu. Asiyekumbuka kitu kimoja si mwongo. Anayetaja vitu vitatu visivyoonekana kwa nje, vyote vikawa sahihi, ni vigumu sana kuwa anabahatisha.

Picha zake zitazame kwa utulivu. Picha moja ya mbwa wa rangi ya kahawia haisemi kitu, kwa kuwa mbwa wa namna hiyo ni wengi. Unachotafuta ni mfululizo: akiwa mtoto, akiwa amekua, ndani ya nyumba, pamoja na watu, kwenye tarehe mbalimbali. Omba kuona picha halisi ndani ya simu yake, zenye tarehe ya kupigwa, si zile zilizotumwa na kutumwa tena, kwa kuwa programu za kutumiana ujumbe huwa zinafuta taarifa hiyo. Linganisha mipaka ya mabaka, si rangi yenyewe. Manyoya ya mtoto wa mbwa hubadilika akikua, mdomo huota mvi, masikio yaliyolala husimama, lakini umbo la baka jeupe kifuani au vidoleni halihami. Jihadhari na jambo dogo linalokoseshana watu: kamera ya mbele ya simu inaweza kugeuza picha, baka la kushoto likaonekana kulia. Usimkatae mtu kwa hilo kabla hujaangalia picha nyingine.

Kadi ya chanjo ina uzito zaidi ya picha, hasa ikiwa na stika ya chupa ya chanjo yenye namba ya toleo, tarehe na muhuri wa daktari. Piga simu kliniki hiyo kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa yeye. Huenda wasikutajie siri za mteja, lakini yeye anaweza kuwaruhusu, na akikataa kuwaruhusu hilo nalo ni jibu. Leseni ya mbwa, risiti ya kununuliwa, mkataba wa kumchukua kutoka kituo cha wanyama, vyote vinahesabika. Je, anasema mbwa huyu alizaliwa na mbwa wake mwingine? Basi kipo kipimo cha vinasaba: usufi hupitishwa ndani ya shavu la mbwa huyu na la mama au watoto wake, maabara hulinganisha. Kipimo hiki kinathibitisha undugu wa mbwa, hivyo kinafaa tu kama jamaa wa mbwa yupo na hana ubishi. Sampuli achukue daktari, si mmoja wenu.

Halafu kuna huyo mdogo wake, ambaye kwa maoni yangu ndiye shahidi muhimu kuliko wote katika mkasa huu. Mbwa alipotea akiwa mikononi mwake. Lini? Wapi? Aliripoti? Aliyeachiwa mbwa kumwangalia si mmiliki, na kwa kawaida hana uwezo wa kumtelekeza au kumgawa kwa niaba ya kaka yake, hivyo hata akikiri kwamba alimwachilia kwa uzembe, umiliki wa kaka haujafa. Lakini ujumbe wa simu uliotumwa siku ile, "mbwa ametoroka, nimemtafuta sijamwona", una nguvu sana kwa sababu uliandikwa kabla ya mgogoro kuzaliwa. Tarehe yake iwe ya kabla ya siku uliyomwokota, au siku hiyo hiyo. Mtu anayedai mbwa alipotea wiki mbili baada ya wewe kuwa naye amejijibu mwenyewe.

Wakati haya yakiendelea, usimfanyie mbwa jambo lisilorudishika. Kama hajafungwa kizazi, ngoja. Asipandwe. Matibabu ya dharura hayangoji ruhusa ya mtu, ila mengine yote yanaweza kusubiri.

Kuhusu gharama, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Panga risiti kwa tarehe na uzigawe mafungu mawili: zilizokuwa za lazima ili mbwa apone au aishi, kama dawa, vipimo na chakula, na zile ulizochagua mwenyewe, kama chipu, kitanda na mafunzo. Sehemu nyingi mwokotaji anayerudisha mali anaweza kudai gharama za lazima na zenye kiasi. Fungu la pili ni gumu kulidai, na muda wako wa kumtembeza usiutie bei. Je, unaweza kumshikilia mbwa mpaka ulipwe? Pengine ndiyo, pengine la, kwa sababu sheria za mahali na mahali zinatofautiana sana katika hili, na ukikosea utaonekana unadai kikombozi. Muulize mwanasheria kabla hujatamka maneno "lipa kwanza". Njia ya salama zaidi ni kumkabidhi orodha ya gharama pamoja na nakala za risiti, kwa barua tofauti na ile inayozungumzia umiliki.

Baada ya uchunguzi huo utakuwa umesimama mahali pamoja kati ya matatu. Ushahidi wake ukiwa na nguvu, mrudishe. Nasema hivi nikijua watoto wataumia, na nikijua hakuna sheria itakayokupa zaidi ya kile utakachopata kwa kuzungumza naye vizuri. Mtu aliyerudishiwa mbwa wake kwa heshima mara nyingi hukubali kulipa matibabu, huruhusu watoto waje kumwona, na wengine, wakiona maisha yao ya safari hayawezi kumfaa mbwa, huamua kumuuza au kumtoa. Ikitokea hivyo, iandikwe na kusainiwa. Kummiliki kwa pamoja sikushauri. Huenda vizuri mpaka siku ya upasuaji wa gharama kubwa au uamuzi wa kumuua mbwa mgonjwa ili asiteseke, na siku hiyo mtatafutana.

Ushahidi wake ukiwa dhaifu, mkatalie kwa maandishi na kwa upole, ukitaja kitu gani hasa kingekuridhisha: kadi ya chanjo, picha halisi tatu, ruhusa ya kuongea na kliniki. Mlango ubaki wazi. Asiyeleta chochote baada ya kuombwa mara mbili amekuachia ushahidi mzuri. Wapo kweli watu wanaodai mbwa wa wengine ili wamuuze au wamzalishe, na mbwa jike mwenye afya huwavutia hao zaidi.

Na ushahidi ukiwa katikati, tafuteni msuluhishi mnayemwamini wote wawili kabla ya mahakama: kiongozi wa mtaa, daktari wa mifugo ambaye hajamtibu mbwa huyo, au afisa wa ustawi wa wanyama. Mahakama ya madai madogo inaweza kuamuru mbwa arudishwe au fidia ilipwe, lakini hupima mbwa kwa bei yake sokoni, ambayo huenda ni ndogo kuliko nauli zenu za kwenda kusikiliza kesi. Labda umesikia kwamba siku hizi majaji huangalia maslahi ya mnyama. Ni kweli katika baadhi ya sehemu, Alaska tangu 2017 na California tangu 2019, ila sheria hizo zinahusu wanandoa wanaoachana na kugombea mbwa wao. Hazikutungwa kwa ajili ya mwokotaji na mwenye mali, kwa hiyo usiziwekee matumaini.

Polisi wakija, waonyeshe namba ya taarifa yako, rekodi za daktari na ujumbe mliotumiana. Mara nyingi watasema ni suala la madai na kuwaelekeza kwingine. Wakiwa na amri halali ya kumchukua mbwa, usigombane nao. Omba jina la ofisa, kituo atakakopelekwa na karatasi ya makabidhiano. Mwanasheria mtafute siku hiyo hiyo ukipokea hati ya wito au barua ya wakili, kwa sababu zina siku za kujibu na siku zikipita unaweza kushindwa bila kusikilizwa. Na bwana huyo akianza vitisho, au akija getini usiku, usikutane naye peke yako tena: kila kikao kifanyike kliniki au kituoni.

Ikifika siku ya kumkabidhi mbwa, kufanyike mchana, kliniki au kituo cha polisi, mbele ya shahidi mmoja wa kila upande. Karatasi itaje majina na namba za vitambulisho vyenu, tarehe, maelezo ya mbwa, namba ya chipu, hali ya afya siku hiyo, dawa anazoendelea kutumia, makubaliano ya gharama, na kwamba kila upande hauna dai lingine. Nakala mbili, saini zote. Mpe chakula cha siku saba ili achanganye kidogo kidogo na kile kipya, maana kubadilisha ghafla huleta kuharisha, na blanketi analolalia bila kulifua. Watoto waambiwe siku kadhaa kabla, nao waagane naye nyumbani, si pale kwenye makabidhiano. Chipu uliyomwekea haitolewi. Hamisha usajili wake kwenda kwa jina la mwenyewe siku hiyo hiyo, na uhifadhi uthibitisho wa kuhamisha.

Ukibaki naye wewe, ama kwa makubaliano au kwa uamuzi wa mahakama, usiridhike na maneno. Bwana huyo aandike kwamba anaachia umiliki wote kuanzia tarehe fulani, mdogo wake asaini kama shahidi, na kama ipo chipu ya zamani aibadilishe yeye mwenyewe kwenda kwa jina lako, kwa kuwa kanzidata nyingi hazikubali ombi la mtu asiyesajiliwa. Hapo ndipo ukate leseni, ndipo umpeleke kufungwa kizazi.